Buti Yenye Pumzi

Jumatatu, tarehe 17 Februari. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa nne, kisha jua likawa kali hadi matope ya njia ya kisimani yakaanza kufuka mvuke. Mchana ikarudi na mawe madogo ya barafu. Juu ya mabati yetu ilikuwa kama watu wanamwaga misumari.

Leo nimetoka kwa Tolie. Nataka kumwandika sasa, kabla sijaanza kumchukia kabisa au kumsamehe kabisa, kwa sababu nikishafika kwenye moja ya hayo mawili sitaandika kwa haki. Hata hivyo sina uhakika kama naweza. Shule niliiacha darasa la sita, na mkono wangu umezoea sindano kuliko kalamu. Nikikosea, aliyekosewa ni yeye, na yeye hawezi kusoma kilichoandikwa juu yake akajitetea.

Kwetu Uvira, Kongo, tolie ni mtu anayenyoosha bodi za magari yaliyogongwa. Jina lake nalijua ila sitaliandika. Hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi nchini Malawi, kila mtu alimwita Tolie, na wenye adabu Papa Tolie.

Lazima niseme kwanza jambo moja, la sivyo mengine hayataeleweka. Vita ya pili ilipoingia Uvira, mume wangu alichukuliwa na askari. Alikuwa fundi redio. Walisema anapeleka habari kwa watu wa milimani. Ilikuwa mchana, nguo za wateja zimeanikwa uani. Askari wawili walimkunja kama godoro wakamtia ndani ya buti ya gari, mmoja akamkanyaga shingo ili kichwa kiingie. Alikuwa anaita jina langu. Walipofunga buti, sauti ilikatika kama uzi chini ya mkasi. Haikupungua, ilikatika. Nilikimbia nyuma ya gari ile hadi karibu na soko, nikaigusa kwa kiganja kabla haijashika mwendo, na ndani kulikuwa kimya kama ndani ya ukuta. Wanawake wa soko walinitazama kama mwendawazimu anayekimbiza gari tupu. Mimi sikujua, lakini mji ulikuwa umeshaipa gari ile jina: Kiziwi.

Hakurudi, na maiti sikuipata. Watu wananiita mjane, nami naitika. Swali langu halikuwa kama yuko hai. Nilikuwa najiuliza kama mle ndani alipata hewa. Mtu anaweza kuliona swali hilo dogo, lakini ndilo nimelala nalo miaka yote hii.

Sasa Tolie.

Alikuwa mtu wa hasira, na sitaipunguza ili aonekane mzuri. Pale Mchesi, mtaa wa Lilongwe, alikuwa na kona nyuma ya banda la Mmalawi mmoja anayechomelea mageti, na watu wa mtaa walijua kutomsogelea anapopiga bati. Alipiga kama anayelipiza. Alikuwa na nyundo ya mbao aliyoichonga mwenyewe, kichwa chake kimefungwa ngozi ya ng'ombe, na kabla ya kupiga aligonga kwanza kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasogea, akagonga tena. Alisema palipo na kutu bati inaongea kama mzee asiye na meno. Akishapata mahali pake, alishusha nyundo hadi mate yakamtoka. "Bati haipigwi ndiyo inyooke," alipenda kusema. "Inapigwa ndiyo ikubali." Mimi sikuupenda msemo huo. Nilimwambia mara moja kwamba hata askari walisema vivyo hivyo. Siku nzima hakunisemesha.

Jambo alilolichukia kuliko yote ni mtu kubamiza buti. Mteja mmoja, dereva wa lori, alikuja kuchukua gari yake mwenyewe. Akatia gurudumu la akiba ndani ya buti na kuifunga kwa kishindo, kama watu wote wanavyofanya. Tolie alimrukia. Alimpiga na nyundo ile ya mbao begani, na mtu alipoanguka alimpiga tena miguuni, na mchomelea mageti pamoja na vijana wake walimshika Tolie watu wanne. Dereva alitaka kuita polisi. Mmalawi mwenye banda alimbembeleza kwa kumwambia kwamba huyu mzee ni mkimbizi, kichwa chake kiliachwa kwenye vita. Tolie alikasirikia maneno hayo kuliko alivyokasirikia ile buti. "Kichwa yangu iko hapa," alisema, akijigonga paji la uso kwa kifundo kilekile alichogongea bati. "Iko hapa yote. Ingebakia kule, ingekuwa muzuri."

Magari yaliyokuwa kwake, buti zote alizifunga kwa waya zikae wazi kidogo. Mvua iliingia, wateja wakalalamika, hakujali. Na hapa Dzaleka alilala mlango wazi, hata Juni na Julai, wakati baridi ya wilaya hii ya Dowa inamfanya mtu alale na soksi. Kwa sababu hiyo mwizi aliingia akamchukulia sufuria. Tolie alimfuata hadi karibu na barabara kuu akamvunja meno ya mbele kwa sufuria hiyohiyo. Kisha, na hili nililiona mwenyewe, akampandisha kwenye kabaza, baiskeli ya kukodi. Yeye akakimbia pembeni ya baiskeli, amemshika asianguke, hadi kwenye kliniki, akakaa naye kwenye benchi mpaka jioni. Sufuria alimwachia. Nilimuuliza kwa nini alimpiga basi. Akasema hayo ni mambo mawili, na kwamba mtu asiyaunge.

Mimi nilianza kumfanyia kazi kwa ajili ya viti. Gari kuukuu inahitaji mshonaji, na yeye alisema Wamalawi wanashona viti kama magunia ya mahindi, jambo ambalo si haki, nimeona Wamalawi wanaoshona vizuri kunishinda. Nilimpelekea kiti cha kwanza Mchesi siku ya joto. Alikishika, akakigeuza, akapitisha kidole gumba upande wa ndani, mahali mshono unapoishia. Mimi nina namna yangu ya kumalizia: narudisha sindano nyuma, kisha naweka alama tatu zinazopishana, kama nyayo za kuku. Nilifundishwa na mama mkwe wangu Uvira, na mshono hauachii hata kitambaa kichakae. Tolie alibaki na kidole pale muda mrefu. Nikafikiri ameona kosa. Akakiweka kiti chini, akaenda nyuma ya ukuta. Aliporudi uso ulikuwa umelowa maji. Akasema, "Kuanzia leo viti yote ni ya we." Nilifurahi. Nilimshukuru Mungu njia nzima.

Pale Old Town, Lilongwe, kuna Mhindi anayeuza vitambaa, ambaye kwake nanunua vipande vya mabaki. Babu yake alizaliwa hapahapa, na Chichewa chake ni kizuri kuliko cha jirani zangu. Alikuwa na gari ya marehemu baba yake, gari ya Kifaransa ya zamani, rangi ya maziwa, giya yake iko kwenye usukani. Ilikaa ghalani chini ya marobota hadi panya wakala viti. Mama yake alikuwa amepigwa na kiharusi, na tangu hapo kila kishindo kilimwingia kichwani kama msumari. Alilia akipelekwa hospitali kwa gari za sasa, na alilia zaidi kwa ajili ya gari ya mume wake. Mfanyabiashara huyo alitaka kuifufua gari ileile, lakini ndani iwe na kimya. Aliagiza kutoka Afrika Kusini mabamba meusi ya kunata, mazito kama nyama, mgongoni yana karatasi ya fedha, na sponji nyeusi ya kuweka juu yake. Alisema siku hizi ndivyo wanavyofanya kwa magari mapya ya bei. Aliniuliza kama namjua tolie mwaminifu.

Nilimpeleka. Alipoeleza anataka gari isiyotoa sauti, Tolie aliweka nyundo chini. Aliuliza kwa Chichewa chake kibovu: sauti isiingie, au isitoke? Mfanyabiashara akacheka, akasema isiingie, nani anahangaikia inayotoka. Akaeleza habari za mama yake. Tolie akaiokota nyundo yake. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, si kwa mteja, "Kumbe iko kimya ya kusaidia mutu." Akakubali.

Kazi ile ilikuwa nzuri, na nikiikumbuka bila mambo ya baadaye nasikia raha. Tuliitoa gari ngozi yote ya ndani ikabaki bati tupu. Akaipapasa sakafu na milango kwa kidole chake. Palipooza alikata, akachomelea bati mpya. Yale mabamba hayakunata vizuri kwa sababu ilikuwa miezi ya baridi, nikatoa wazo la pasi yangu ya mkaa. Nilipitisha pasi mbali kidogo, bamba likalegea kama ubani mdomoni. Yeye alilibandika na kulikandamiza kwa chupa ya soda, akiisukuma kama anayesukuma chapati, mpaka viputo vyote vikatoka. Baada ya kila bamba aligonga. Bati iliyokuwa inasema *ngong* ikasema *tup*. Kila iliposema *tup* alifumba macho. Niliona lakini sikuelewa. Mfanyabiashara alipokuja kutazama, Tolie alimketisha ndani na kufunga milango polepole, kisha akamwambia mchomelea mageti apige chuma kwa nguvu zote. Mfanyabiashara alitoka na machozi, akasema zikomo, zikomo kwambiri, asante sana, hadi nikaona aibu.

Sakafu, milango, dari, yote tayari. Mteja hakuomba zaidi. Lakini Tolie aliendelea hadi kwenye buti. Akaweka mabamba kwenye kuta zake, kwenye kifuniko, akajaza sponji kwenye bawaba, akazungusha mpira mpya mdomoni. Alifanya haraka bila kupima, kama mtu anayetembea nyumbani kwake gizani. Halafu akachukua kipande cha bomba la maji, akakipasha moto, akakipinda mara mbili. Akatoboa sakafu ya buti upande wa kushoto na kukipitisha hapo, mdomo mmoja ndani, mwingine chini karibu na ekseli.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nashona, na sindano ilinipita kidoleni.

Kanisani kwetu Dzaleka kuna shemasi, mtu wa Fizi, kusini ya Uvira, ambaye kila mwaka alitoa ushuhuda uleule. Alichukuliwa Uvira akatiwa ndani ya Kiziwi, amefungwa mikono nyuma, amevunjwa mbavu kwa kitako cha bunduki. Alilala ubavu wa kushoto. Hewa ilipoanza kuisha alikata tamaa, na hapo mdomo wake ukagusa bomba. Lilikuwa palepale mdomo ulipofika, limepindwa mara mbili, anasema, aliliramba akalijua kwa ulimi. Alipumua humo hadi walikomtupa, na waliomtupa walidhani amekufa. Kanisa lote lilikuwa linaitika haleluya kwa lile bomba. Alilihubiri kama bomba la Mungu.

Nilimuuliza, "Papa, buti inataka hewa ya nini?"

Hakugeuka. "Kofre bila hewa mi sifungi." Buti yeye aliiita kofre, kwa Kifaransa.

"Nani atakaa humo?"

"Hakuna mutu."

"Basi bomba ni ya nani?"

"Mama Furaha, shona kiti."

Nilishona kidogo, kisha nikamwambia kwamba shemasi wetu alipumua kwa bomba kama hilo, na kwamba mume wangu alikwenda na Kiziwi. Alisema, "Najua." Nikafikiri watu wa kambini walimwambia habari zangu. Kisha akakaa chini, mgongo kwenye gurudumu, akasema tu, "Mi njo nilitengeneza." Ndiye aliyeitengeneza Kiziwi.

Aliyonieleza nayaandika kama alivyoyasema, na nitasema pale nisipoamini. Komanda mmoja alimjia nyumbani wakati wa chakula. Alikaa, akala sombe ya majani ya muhogo aliyopika mke wake, akaisifu, akaweka bastola kwenye sinia katikati ya mikono ya watoto, akasema anataka gari ambayo kilicho ndani hakisikiki nje. Tolie aliweka lami, magodoro na blanketi. Anasema siku ile hakujua ni ya kazi gani. Hapo sijui kama niamini. Hakuna anayenyamazisha buti kwa ajili ya viazi. Lakini pia bastola ilikuwa kwenye sinia. Baada ya siku chache akajua, akaenda kukataa, na mbele ya macho yake walimpiga mtoto wake mkubwa hadi jicho moja likafa. Akaendelea kuitunza Kiziwi. Walimwita kila ilipoharibika.

Nikamuuliza kama lile bomba lilikuwamo tangu mwanzo.

"Hapana. Nilitia nyuma." Kwetu nyuma ni baadaye.

"Nyuma ya nini?"

Alichukua chupa ya soda akaanza kukandamiza bamba ambalo lilikuwa limeshakandamizwa. Swali langu lililokuwa moja likawa na mlango mwingine: mume wangu alipotiwa mle, bomba lilikuwamo au halikuwamo?

Sikumwambia mtu. Sikunyamaza kwa wema. Nilitaka jibu, na nilijua wakimuua sitalipata. Nadhani ilikuwa hivyo. Inawezekana pia nilikuwa naipenda ile kazi.

Gari iliisha. Mfanyabiashara aliliona bomba akadhani ni la kutolea maji, akacheka. Mama yake alipelekwa hospitali akiwa amelala usingizi, na kwa furaha mwana aliamua kutoa kitambaa cha bluu kwa ajili ya sare za kwaya yetu. Jumamosi moja ya Oktoba, vumbi jekundu kila mahali, akakileta mwenyewe Dzaleka kwa gari ile ya maziwa. Watu walikuja kuitazama. Tolie naye alikuja. Alifungua na kufunga milango, akisikiliza, anatabasamu, kitu alichokifanya mara chache.

Shemasi alikuwa anabeba marobota kutoka kwenye buti. Alipotoa la mwisho alibaki ameinama. Niliona mgongo wake umekakamaa. Akapiga magoti, akaingiza kichwa, akaweka mdomo kwenye bomba. Wenzangu wawili wa kwaya walicheka, wakidhani anafanya mchezo. Alipotoka midomo yake ilikuwa na vumbi jeusi. Akauliza kwa sauti ndogo nani ametengeneza. Mfanyabiashara, kwa kujivunia, akamwonyesha Tolie kwa mkono wote.

Spana ya magurudumu ilikuwa pale pembeni. Shemasi aliichukua na kumpiga Tolie nayo kati ya shingo na bega. Kisha akapaza sauti akisema Kiziwi, fundi wa Kiziwi ni huyu, na neno hilo kambi yetu yote inalijua. Sikuwahi kujua kwamba watu ninaochota nao maji wana mikono ya namna ile. Mwanamke mmoja kutoka mji wa Baraka aliyepoteza wana watatu alikuja na mchi. Vijana wa Burundi ambao Kiziwi haikuwahusu kabisa walikuja na matofali. Walimpiga mdomoni, walimpiga magotini, mtu mmoja alisimama juu ya kifua chake. Damu ilimwagika kwenye kitambaa cha kwaya, na mtu akasema toeni kitambaa, wakatoa kitambaa, wakaendelea. Mfanyabiashara alikuwa anapiga kelele kwa Chichewa, chonde, chonde, tafadhali. Kisha sauti ikatoka, sijui ya nani: mtieni ndani.

Wakamkunja. Nilikuwa nimeshaona mtu akikunjwa hivyo. Mmoja akamkanyaga shingo kichwa kiingie. Walipobamiza kifuniko Tolie aliweka mkono wake wa kulia kwenye ukingo, kisijifunge. Wakabamiza juu ya mkono. Wakabamiza tena. Alikuwa analia, lakini kwa jinsi tulivyoifanya kazi ile vizuri, sauti iliyotoka ni ile tu iliyopenya kwenye upana wa mkono wake.

Mtu akanishika. "Mama Furaha, bwana yako alienda na hii. We ulitumika kazi na yeye. Sema."

Wote walinitazama. Nilisema, "Yeye njo alitengeneza Kiziwi." Kelele zikapanda, nikangoja, kisha nikasema, "Na bomba ni yeye alitia. Hakuna aliyemtuma."

Hadi leo sijui maneno yangu yalifanya nini. Waliosikia la kwanza walibamiza kifuniko mara ya tatu, na nafikiri hapo ndipo vidole vilipoisha. Waliosikia la pili waliacha. Ningeanza na la pili, labda angekuwa na mkono. Lakini la kwanza lilikuwa kweli, nalo ndilo lililotangulia kutokea. Shemasi alisimama na spana mkononi kama aliyesahau ni ya nini. Akamsukuma yule mwanamke wa mchi, akafungua. Akamwambia Tolie neno moja: "Toka."

Mfanyabiashara alimlaza kwenye viti vyangu akampeleka Lilongwe. Wanasema njiani alikuwa anapiga mayowe, ila aliyekuwa nje ya gari hakusikia.

Tangu siku ile shemasi hajatoa tena ushuhuda. Mwezi uliopita mchungaji alimwita mbele, akasimama, akasema ana kikohozi, akakaa. Tolie alirudi, kwa kuwa hana kwa kwenda, akapewa chumba cha mwisho upande wa makaburi. Mkono umepona vibaya, umekuwa kama tangawizi. Hawezi kushika nyundo, wala kumega tonge. Kila jioni nampelekea chakula, au Furaha binti yangu anapeleka. Majirani wamenisema. Nimewajibu kwamba mtu huyu bado hajanijibu swali langu, na maiti haijibu. Lilikuwa jibu la ukali tu. Sikujua kwa hakika kwa nini nampelekea.

Leo barafu ilinikuta njiani nikaingia kwake kujikinga. Mlango ulikuwa wazi, mawe yanaruka hadi kitandani. Nilimwambia afunge, akatikisa kichwa. Tukakaa. Kelele za juu zilipopungua nilimuuliza kana kwamba tuko bado Mchesi, sindano mkononi: "Papa, bomba ulitia nyuma ya nini?"

"Nyuma ya mutu mumoja."

"Nani?"

"Uso sikuonaka. Baliniita asubuhi nioshe kofre. Yeye, balimutoa tayari. Balinitupia shati yake, banasema osha na hii." Alikuwa anautazama mkono wake mbovu. "Nilipanguza. Vidole ikagusa mwisho ya mushono. Tatu, inapitana, kama kuku amekanyaga. Siku ile ulileta kiti kule Mchesi, nikashika, nikajua."

Nilimwambia mama mkwe wangu alifundisha wasichana wengi. Nusu ya mtaa walimalizia mshono hivyo. Nilimwambia hiyo si hakika, na mtu hawezi kusema jambo kama hilo bila hakika. Alikubali kwamba si hakika.

"Vifungo?" nikauliza.

"Nyeupe. Moja ya chini kabisa nyeusi."

Kile cheusi nilikishona mimi, wiki ileile, kwa sababu cheupe sikuwa nacho.

Tolie akaendelea, na sasa naona alikuwa ameyabeba maneno hayo muda mrefu hadi yakajipanga yenyewe. Alisema aliyekuwamo alikuwa amekwaruza. Blanketi na lami vilikuwa vimechanika mahali pamoja tu, chini upande wa kushoto, hadi kwenye bati, na kucha moja ilikuwa imebaki pale imekwama kwenye lami. Alitafuta pale tu, hakutafuta kwingine, kama aliyejua kuna kutu. "Pale alikwaruza," Tolie alisema, "njo nilitoboa."

Palepale mdomo ulipofika. Shemasi amehubiri hivyo miaka yote, na mimi nimeitika haleluya.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku ya kiti cha kwanza.

"Niliogopa utaacha kuja."

Niliushika mkono wake mbovu nikaukamua. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Haikuwa kwa kumliwaza, na sikuukamua kwa bahati mbaya. Mifupa ilisogea ndani kama mawe kwenye mfuko. Alifungua mdomo, hakutoa sauti, na mkono hakuuvuta. Mimi ndiye niliyeacha. Kisha nikatoka kwenye barafu.

Nimejaribu kupima. Aliifunga ile buti. Aliitoboa kwa sababu ya mume wangu, na shemasi yuko hai. Yote matatu ni kweli, na nikiyaweka pamoja hayatoshi kuwa kitu kimoja. Yeye mwenyewe alisema mtu asiyaunge. Jibu langu nimelipata. Hakupata hewa.

Jioni tumepika nsima, ugali wa hapa, na sombe, na mawese kidogo aliyotuletea mtu wa Uvira. Nilipakua sahani tatu kama kila siku. Furaha aliichukua ya Tolie apeleke, nikamwambia aiweke chini kwanza. Tulikula zetu. Ile ya tatu ilikaa imefunikwa hadi nsima ikaota ngozi, kisha tukaigawana tukaila nayo.